Moulin Yenye Inasaga Siku ya Mvula

4 septemba 2000

Mwalimu wetu wa alfa, kusoma na kuandika, pale kanisani paroisse amesema: andika kila siku, hata mustari moja, kama hapana, herufi zitakukimbia kama kuku. Basi naandika. Kayé hii, daftari, ni ya binti yangu Séphora ya mwaka uliopita, mbele iko hesabu zake zenye alikosa, nyuma kurasa zilibaki. Mwenye atasoma anisamehe, mimi niliacha masomo mwaka wa tatu juu ya kulea wadogo wangu.

Kazi yangu ni kupima vitu vizee vya shamba. Hapa Kalunguta mutu akitaka kuuza jembe, pompe ya kupulizia dawa, mashini ya kumenya kahawa, ao kuchukua ya mwenzake kwa mbuzi, banakuja pa meza yangu kando ya barabara, nabaambia: hii ni kitu, hii si kitu. Bwana yangu Mathe, Mungu amupumzishe, njo alinifundisha. Yeye alikuwa mécanicien, mimi nilikuwa namushikia taa. Alisema macho ni ya mununuzi mujinga. Wewe gonga, sikia, nusa, kisha weka kidole fasi mwenyewe hapendi uweke. Jembe zima ukiligonga na jiwe linaimba. Lenye ufa linakohoa. Kwa kazi hiyo bananipa bakuli ya maharagi, ao kile banacho. Na batu banasema: Mama Séphora anaweza kukosa misa, lakini hadanganyi juu ya chuma.

Mvula imeanza kunya.

6 septemba

Mvula. Naandika mustari moja juu mwalimu alisema.

9 septemba, jumamosi, siku ya posho

Mutu wa Kipese alileta jembe, amelipaka rangi nyekundu mpaka linang'aa kama bibi arusi. Nikagonga. Likakohoa.

"Mama, gonga tena, pengine lilikuwa linalala."

"Papa, hili halilali, hili liko na mafua. Ufa iko hapa, chini ya rangi."

"Rangi niliweka juu ya uzuri tu."

"Hata mimi ukinipaka rangi sitarudi musichana."

Batu balicheka, na yeye akacheka, akalirudisha kwa kikapu. Kesho atalijaribu Butembo, fasi habanijui.

13 septemba

Basoda bamefika. Balipanda kilima, kwa depot ya zamani ya kahawa, kisha bakaweka bariere ya mianzi barabarani. Ni ba chama gani, hatujui. Kila mwaka jina linabadilika, bunduki zinabaki zile zile. Mama akipita na muhogo anaacha mizizi miwili. Mukubwa wao anaitwa Commandant Jéthro. Banasema hapigi kelele. Mimi namuogopa zaidi mutu mwenye hapigi kelele.

Nadège, mudogo wa Séphora, ameanza tena kukojoa kwa kitanda. Ana miaka mine. Simupigi.

18 septemba

Bugali ya batoto imeungua juu yangu.

Asubuhi basoda babili balisimama pa meza. "Mama, yaka! Commandant anakuita." Sikupata hata muda ya kufunika vitu vyangu. Njiani niliwaza ni nani amenisema, na amenisema nini, mpaka nikawaza hata dhambi za utoto.

Commandant alikuwa anaikala kwa kiti cha shule, anamenya ndizi.

"Mama, usiogope. Mimi si mwizi."

Tangu lini mutu mwenye si mwizi anaanza na neno hilo?

"Nataka kununua moulin ya Eliezer, mashini yake ya kusaga," akasema. "Naipeleka Beni, bibi yangu atasagia batu. Lakini sipendi kudanganywa. Banasema wewe hudanganyi juu ya chuma. Enda uipime, uniambie kama inastahili safari."

Kununua! Dada yangu iko Mabalako. Moulin yao ilinunuliwa hivyo hivyo: karatasi moja na cachet, muhuri tu. Mpaka leo banafunikia chungu na ile karatasi.

Naandika sasa kitu chenye niliwaza wakati nashuka kilima na basoda nyuma yangu. Moulin ya Eliezer ni ndogo, moteur yake ya mazutu, dizeli, ukubwa wa mbuzi, lakini njo inasagia Kalunguta yote, na bakimbizi benye banalala kwa salle ya paroisse. Ikienda, moulin ya karibu iko Butembo. Kati yetu na Butembo kuna bariere mbili. Mwenye atabeba mahindi kwa kichwa ni nani? Mugongo wangu ulishaharibika. Ni Séphora. Ana miaka kumi na ine. Mwezi uliopita binti wa jirani alipita bariere ya kwanza na kikapu, akarudi bila kikapu, na tangu ile siku hasemi.

Eliezer alikuwa shamba. Bibi yake Tamar njo alitufungulia. Tamar ni mama wa maneno machache, nilikuwa nadhani kichwa chake nacho ni cha mambo machache.

Niliweka mukono kwa moteur. Eh, Nyamuhanga, Mungu wangu! Mafuta safi kwa vidole, hakuna harufu ya kuungua. Nyundo za ndani bado na kona zao. Tamis, chungio ya bunga, haina tundu moja kubwa kuliko ingine. Tangu Mathe afe sijagusa chuma kizuri hivi. Na kinywa changu kikasema kabla ya mimi:

"Imekufa."

"Imekufa namna gani?" Soda alikuja karibu.

"Ina ufa hapa nyuma. Leo ao kesho inapasuka."

"Siioni."

"Haionekani na macho. Weka kidole."

Akaweka kidole. Akafunga macho kidogo. "Ah, ndiyo," akasema. "Iko."

Alisikia ufa wenye hauko. Hiyo njo iliniogopesha kupita yote.

Commandant alisikiliza, akamaliza ndizi yake, akasema: "Pole kwa Eliezer." Nikashuka. Nilifika kwangu, nikafunga mulango.

19 septemba

"Mama Séphora! Toka! Toka uniambie mbele ya batu, moulin yangu imekufa na ugonjwa gani?"

Ni Eliezer. Barabara yote ilisimama.

"Papa Eliezer, mwavukire."

"Hapana kunisalimia! Nimesikia kwa kasiksi, kwa pombe ya ndizi, kwa midomo ya balevi, kama mashini yangu ni maiti! Mashini yenye napaka mafuta kila siku ya Mungu kabla ya misa! Hata Tamar sijamupaka mafuta hivyo!"

"Hiyo ni kweli," Tamar akasema nyuma yake. "Mubaki mashahidi."

Batu bakacheka, yeye akawaka zaidi. Akanisonta kidole: "Bwana yako Mathe alikuwa mutu. Wewe ulibaki na masikio yake, kichwa alienda nacho."

Ningemwambia nini? Eliezer ni mutu muzuri lakini kinywa chake hakina mulango. Akikunywa kasiksi anasimulia hata ndoto zake. Nikimwambia leo, kesho Commandant anajua. Niliangalia Tamar, Tamar akaniangalia, akatingisha kichwa kidogo sana: hapana.

20 septemba

Tamar alikuja kuomba chumvi. Chumvi anayo.

"Wasingya," akashukuru, na hiyo ilikuwa yote juu ya lile jambo. Kisha: "Nimeficha manivelle, chuma cha kuzungusha moteur, ndani ya gunia ya makaa. Bila manivelle bwana yangu hawezi kuiamusha akuonyeshe."

"Na batu batakula nini?"

Akaangalia mabati ya nyumba yangu. Mvula ilikuwa inaanza, ikapiga hivi mpaka hatukusikilizana. Akanikaribia kwa sikio: "Sasa hivi, moulin ikisaga pale, kilimani banasikia?"

Hapana. Habasikii kitu.

Bwana yake, Tamar atamwambia hivi: basoda bakisikia mashini bataomba nusu ya bunga kwa kila beseni, tusage tu wakati mvula inapiga mabati. Juu ya bunga Eliezer atakubali. Na mimi nilikuwa namuita huyu mama mwenye mambo machache!

25 septemba

Mvula kubwa. Tulisaga.

26 septemba

Mvula kubwa. Tulisaga mpaka mazutu ikaisha. Eliezer alinipita hapo mulangoni na beseni yangu, akasema kwa nguvu, "Maiti inasaga muzuri, eh?" Nikainamisha kichwa. Aliona ni haya. Ilikuwa woga tu, mvula ilikuwa inapungua na yeye bado anapiga kelele.

30 septemba

Jua. Viazi.

2 oktoba

Jua. Bamama banapita barabarani na kusalimiana hivi: "Unaonaje mawingu?" Zamani tulikuwa tunauliza batoto kwanza.

5 oktoba

Jua bado. Bakimbizi ba paroisse banachemsha mahindi nzima nzima, batoto badogo banaumwa tumbo. Séphora ananiuliza, "Mama, niende Butembo na wengine? Tuko sita." Nilimujibu vibaya, mpaka akalia. Nilishindwa kumwambia naona nini nikifunga macho.

9 oktoba

Tumekosa. Kosa la bajinga, na ni letu sisi bote.

Saa nane mawingu yalifunga kutoka upande wa Lubero. Matone ya kwanza yalipoanguka, kila mutu wa barabara alikimbia kuingia ndani, kama batu banafanya dunia yote. Lakini bamama ba Kalunguta tulikimbia kutoka nje. Siku tisa bila bunga! Mabeseni kwa kichwa, plastiki juu ya mahindi, tunateleza, tunacheka kama basichana, sisi bote kuelekea nyumba moja.

Soda wa bariere alikuwa amejificha chini ya turubai yake. Nilipopita nilimusikia: "Angalieni! Bamama ba huku banakimbilia mvula kama bata."

Mwenzake hakucheka. Alikuwa anageuza kichwa, pole pole, kuona bata banaenda wapi.

11 oktoba

Commandant mwenyewe pa meza yangu. Alichukua jembe, akaligeuza, akalirudisha kama mutu anarudisha yai.

"Mama, bunga ya soko inatoka wapi?"

"Kwa kinu, Commandant. Tunatwanga."

Akatoa kwa mufuko karatasi, ndani yake bunga kidogo. Akaisugua kati ya vidole mbele ya uso wangu. "Kinu kinatwanga laini hivi?"

"Bamama ba huku biko na mikono."

"Bon." Akapuliza vidole. "Siku ya posho niko na mécanicien kutoka Beni, Yassini. Ataangalia moulin. Akisema kama wewe, donc wewe ni mutu wa kweli. Akisema kingine, utanieleza. Mimi napenda tu kuelezwa."

Alinunua jembe. Alilipa. Sijapata kuogopa franka hivyo.

13 oktoba

Siwezi kukimbia. Nikikimbia banajua. Na banakimbia wapi na mutoto wa miaka mine?

Kutwa nzima tulikuwa na Tamar kwa nyumba ya moulin, Eliezer ametumwa shamba. Mathe alinifundisha namna bajanja banaficha ufa: sabuni na majivu. Hakuna mutu alinifundisha kutengeneza ufa. Nilichora na musumari kwa rangi, nikajaza masizi na mafuta mazee, nikasugua mpaka ukaonekana wa zamani. Kisha nikachukua clé, spana, ya kumi na ine, nikalegeza kidogo boulon, bolti, ya kibomba chenye kinapeleka mazutu, ivute hewa, ikohoe. Kugonjesha mashini nzima! Niliomba musamaha kwa chuma kama mutu.

Tamar aliangalia kazi yangu. "Mimi ningedanganyika," akasema.

"Wewe si mécanicien."

"Hapana," akasema. "Si mimi."

14 oktoba, siku ya posho

Naandika polepole, nisiache kitu.

Balikuja saa tatu, Commandant na basoda bane na huyo Yassini. Ni dereva wa camion, lori ya mizigo, na anaitengeneza mwenyewe, Muislamu wa Beni, mwembamba, kofia yake nyeupe imeingia mafuta. Camion yake basoda bameichukua tangu mwezi wa saba, na yeye pamoja nayo, kama vile banachukua ng'ombe na ndama yake.

"Mugonjwa iko wapi?" akauliza, akicheka na kila mutu.

Nilibaonyesha. Akainama. Kidole gumba chake kikapita juu ya ufa wangu, pole. Kikatoka cheusi. Na nyuma yake rangi ilikuwa imekwaruzwa kidogo tu, na chini chuma kizima, kama jino la mutoto.

Akaangalia kidole. Akaniangalia mimi. Nilisikia Tamar ameacha kupumua. Yassini akapangusa kidole kwa suruali, akasimama, na mugongo wake ukafunika ile fasi.

"Tuiamushe," akasema.

Tamar alileta manivelle. Soda akazungusha. Moulin ikapiga chafya, ikatoa moshi mweupe, ikatetemeka kama mutu wa malaria, ikanyamaza.

"Alors?" Commandant akauliza.

"Commandant, huyu mama alikuhurumia. Alisema imekufa? Hii imekufa, imeoza, imebaki kuzikwa. Ukiipakia kwa camion, ni mazutu bure."

Moyo wangu ulianza kurudi. Njo hapo sauti ikatoka nyuma ya migomba:

"Nani ameoza?"

Eliezer! Jembe kwa bega, matope mpaka magoti. Mutu fulani alikuwa amemupelekea habari shamba.

"Nani ameoza? Wewe, mutoto wa Beni, unajua moulin ao unajua usukani tu? Nipe clé ya kumi na ine! Moja tu! Boulon ile pale imelegea, hata mutoto wa shule anaiona!"

Na kidole chake kilisonta sawasawa, pale pale.

Commandant aligeuza kichwa. "Boulon gani, muzee?"

Sijui Tamar alifika namna gani. Alikuwa mulangoni, kisha alikuwa kati yao, amepiga magoti, mikono juu. "Commandant, umusamehe! Tangu mashini ife, kichwa chake nacho kilikufa. Asubuhi anaipelekea bugali. Anaiita mama yake. Tunaona haya kusema kwa batu, Commandant, umusamehe."

Basoda bakaanza kucheka. Eliezer akafungua kinywa. Aliangalia Tamar pale chini. Tamar alimuangalia, bila machozi hata moja. Eliezer akaniangalia mimi. Akaangalia ile boulon, kisha mugongo wa Yassini, na niliona akili yake inafika.

Niliona mutu anameza kitu kikubwa kuliko koo lake.

Akaweka jembe chini. Akaenda, akalaza shavu lake kwa moteur.

"Mama," akasema, "umekula? Hawa banakusumbua? Lala, mama. Lala."

Akaanza kuipapasa na kuiimbia wimbo wa batoto, wa Kinande, sauti yake inavunjika. Basoda bakashindwa kusimama na kicheko. Moja alirusha ganda la ndizi kwa moulin, Eliezer akaliokota, akalipangusa, akaliweka kwa tamis kama chakula. Commandant hakucheka. Aliangalia Eliezer, kisha moulin.

"Twende," akasema. Na kwangu: "Mama, uko mutu wa kweli. Batu kama wewe ni bachache. Nitakutafuta."

Balipoisha kupanda kilima, Eliezer alikuwa bado na shavu kwa chuma. Tamar akamugusa bega.

"Usiniguse kwanza," akasema.

15 oktoba, siku ya Mungu

Kutoka misa batoto bamemufuata: "Papa Moulin! Papa Moulin! Mama yako amekula?" Katekista alimuombea kwa jina mbele ya batu bote. Na yeye, mwenye mwezi uliopita alifunga barabara juu ya neno moja, alicheka kicheko cha kijinga, akaendelea kutembea. Hajaenda kwa kasiksi. Nilisema kinywa chake hakina mulango. Leo naandika: nilikosa.

21 oktoba

Yassini alisimamisha camion pa meza, soda kando yake amelala. Akajifanya anaangalia majembe.

"Mama, masizi na mafuta mepesi yanatoka na kidole. Siku ingine tumia graisi nzito."

"Kwa nini ulifanya vile, Papa?"

"Camion hii njo nilikuwa nalishia batoto. Siku balitaka kuichukua, balitafuta mutu wa kuipima. Alisema: moteur nzuri, inastahili. Hakudanganya hata kidogo." Akarudisha jembe. "Alikuwa mutu wa kweli, kama wewe."

Akacheka, akapanda.

24 oktoba

Mvula. Tulisaga. Tunaenda sasa moja moja, bila kukimbia, na mawe juu ya beseni kama batu banaenda kujenga.

1 novemba, Toussaint, siku ya Watakatifu Bote

Nilisafisha kaburi la Mathe. Nilimwambia nimedanganya juu ya chuma. Nadège akauliza kama Papa amejibu. Nilisema bado.

8 novemba

Kila mara mbwa akibweka nadhani ni yeye ananitafuta.

16 novemba

Mvula. Tulisaga. Eliezer alipokea beseni yangu. Alinisagia mara mbili, laini, kama ya mugonjwa.

23 novemba

Soda alikuja. "Mama, funga mizigo. Siku ya posho tunashuka Beni. Commandant ana depot imejaa: pompe, majembe, mashini za kahawa. Wewe njo utaweka bei."

"Kwa siku ngapi?"

"Mpaka vitu viishe. Na haviishi, mama, tunaleta vingine."

"Na batoto?"

"Yule mukubwa anaweza kuja kupika."

Alisema kama mutu anatoa zawadi.

24 novemba

Séphora amefunga chungu na kikwembe, kitenge chake kipya. Hajui kitu. Ananiuliza kama Beni kuna shule.

Nikikataa, batauliza kwa nini, na batarudi kwa moulin. Nikienda, naenda naye. Nimeona njia moja tu, na sikuipenda. Banamutaka mutu mwenye anajua chuma. Basi.

Mathe, unisamehe.

25 novemba, siku ya posho

Camion tatu zilikuwa zimesimama kwa soko, ya Yassini mbele. Soko ilikuwa imejaa. Commandant aliweka pompe tatu za mugongo juu ya meza yangu.

"Tuanze kazi hapa hapa, batu baone. Ipi ni nzuri?"

Niligonga ya kwanza: ya kawaida, itaenda miaka miwili. Ya pili iliimba. Ya tatu nilisikia kabla ya kugonga: imepasuka chini ya mukanda, bameziba na sabuni. Hata harufu ya sabuni ilinifikia.

Nikashika ya tatu. "Hii," nikasema. "Hii njo mama yao. Ile ya pili mutupe, imekufa."

"Mama Séphora!" Mutu mumoja wa soko alishindwa kuvumilia. "Ile? Ile iko na sabuni, hata mimi naiona!"

"Wewe unajua nini? Ni nani anapima hapa?"

Commandant akasema bajaze maji. Soda akaibeba mugongoni, akapampu mara tatu, sabuni ikatoka, na maji yote yakamushuka kwa mugongo, kwa suruali, mpaka ndani ya buti. Soko ikalipuka na kicheko. Soda akageuka akanipiga kofi, nikaona nyota. Kisha bakajaza ile ya pili, yenye nilisema mutupe. Ikapuliza ukungu safi mpaka kwa mabati ya jirani.

Kicheko kikaisha. Commandant akanikaribia, sauti yake chini kabisa.

"Na moulin, mama?"

Hiyo njo niliogopa siku mbili.

"Nilibahatisha, Commandant. Tangu bwana yangu afe nabahatisha tu. Ni Yassini njo anajua. Mimi batu bananipa maharagi, nabaambia chenye kinakuja."

Aliniangalia. Kichwa chake kilianza kugeuka kuelekea nyumba ya Eliezer, naapa, nilikiona kinageuka. Na Eliezer akatoka kati ya batu. Hakuna mutu alimuita. Tamar hakuwa naye. Alikumbatia ile pompe nzuri, maji yanamutiririka kifuani, akaibusu.

"Mama," akalia kwa nguvu, soko yote isikie, "umepungua! Banakunyima chakula?"

Commandant alimuangalia yeye, akaniangalia mimi, mashavu yangu na alama ya vidole.

"Kijiji cha bajinga," akasema. "Mupakie vitu, huyu mama abaki. Twende."

Balimunyang'anya Eliezer ile pompe na teke moja. Camion zikawaka. Yassini alipita bila kugeuka. Nilihesabu: moja, mbili, tatu, mpaka vumbi ya mwisho.

Kisha batu bakaja, moja moja, kuchukua vitu vyao pa meza. Mutu mwenye aliniachia jembe la kupima. Mama wa mashini ya kahawa. Habakusema kitu kibaya. Moja tu alisema, kwa huruma: "Miaka yote hii, Mama Séphora?" Mpaka meza ikabaki mbao.

Eliezer alikuwa ameikala kwa benchi mbele ya nyumba ya moulin, anashika mbavu. Batoto balikuwa bamemuzunguka banamuimbia. Nilipofika bakaanza na mimi: "Mama Sabuni! Mama Sabuni!"

Hakuniangalia. Alisogea tu, akapiga mbao na kiganja.

"Ikala, mama. Hapa kuna fasi ya babili."

Niliikala. Nikafunika shavu langu lenye alama na kikwembe, na yeye akajifanya anaangalia barabara.